Mara Mbili kwa Mpini wa Mkasi

Watu wa ngazi yetu wakisimulia habari za Fundi Bomba huanza na reli. Mimi naanza na kijiko, kwa sababu kijiko ndicho kinachoninyima usingizi.

Kilikuwa kijiko cha chuma cha kupakulia, kimepinda shingo, na alikifunga kwa kamba kwenye bomba la maji jikoni kwake ghorofa ya tatu, chini kabisa karibu na sakafu, pale bomba linapozama kuja kwangu ghorofa ya pili. Bomba hilo alilifunga mwenyewe miaka arobaini iliyopita, jengo likiwa bado halina milango. Nyumba nzima ilipitishiwa maji kwa mikono yake. Alizoea kusema kwamba anatujua wote kwa maji yetu: nani anaoga mbio mbio, nani anaacha mfereji ukidondoka, nani ameamka na hasira zake. Alipostaafu akaja kupanga humo humo, akadai eti hawezi kumwachia mtu mwingine valvu zake.

Mkewe alipofariki, binti yake alikuja kumchukua. Binti ni mwalimu katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Mzee akagoma. Alikaa kwenye kiti chake utadhani amekazwa kwa skrubu, akasema kama ni kuhama atahama akiwa amebebwa. Binti akashuka kwangu macho yamemwiva, akaniuliza afanye nini. Mimi nashona sare za shule humu humu nyumbani, sitoki sana, na yule mzee nilikuwa nimemzoea. Alinirekebishia sinki bila kuitwa, na hakuna mtu mwingine jengo zima aliyecheka vichekesho vyangu. Basi nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu: "Mwache, mdogo wangu. Mimi nipo hapa chini. Baba yako ni baba yangu."

Naomba maneno hayo yakumbukwe, maana nitayarudia.

Mpango wa bomba ulikuwa wake. Alishuka siku ile ile baada ya basi la binti kuondoka, akapiga goti jikoni kwangu, akaligonga bomba kwa kucha akatega sikio. Akanieleza kwamba chuma hubeba sauti vizuri kuliko simu, na hakina habari za chaji. Kila asubuhi saa moja atagonga mara tatu, maana yake ameamka na ni mzima. Nami nitajibu mara mbili, maana yake nimesikia. Likitokea la kutokea atagonga mfululizo, nami nitajibu na kupanda. Nikishajibu, yeye ataacha kugonga, kwa sababu bomba ni la watu wote na hapendi kuwasumbua. Ufunguo wake mmoja nikautundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Miaka sita tuliishi hivyo. Nilijibu kwa mpini wa mkasi, kwa kuwa saa hizo mkasi huwa tayari mkononi. Asubuhi moja, mwaka wa kwanza, alisahau kwamba nimeshamjibu akagonga tena, nami nilikuwa na sare thelathini za kumaliza na kichwa kinauma. Nikapanda ngazi nikamwambia, "Mzee, nikishajibu nimejibu. Usinigongee kama mtu anayenidai." Akacheka, akaniomba radhi, akasema sawa, fundi mwenzangu, nimekuelewa. Tangu siku hiyo hakurudia kamwe. Mdomo huu, acha tu.

Kisha reli ikaja.

Ilikuja kwanza kwa karatasi zilizosukumwa chini ya milango, ikafuata na mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ngumu nyeupe, ofisa wa mradi wa kusikiliza wakazi. Sisi tulimpa jina la Bwana Subira, kwa sababu kila ulichomuuliza alijibu kwamba tuwe na subira. Watu wake walipita chumba kwa chumba wakipiga picha nyufa za kuta na kuzipa namba kwa penseli. Ufa wa nyuma ya cherehani yangu ni namba kumi na nne. Waliutazama kwa upole sana, wakaandika tarehe, wakaondoka, na ufa ukabaki na mimi.

Nguzo za reli zilipangwa kupita nyuma ya jengo letu, hatua sitini kutoka dirisha langu, nikazihesabu mwenyewe kabla hawajaweka mabati. Wakaleta mtambo wa kupigilia nguzo. Kazi yake ni kupandisha chuma kizito juu na kukiachia, tena na tena, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi jioni. Tuliuita Mkwe, maana ulihamia bila kualikwa na hakuna aliyethubutu kuuambia unyamaze. Saa saba mchana ulinyamaza kwa saa nzima, wafanyakazi wale, na jengo zima tulitazamana kama watu waliotoka majini. Saa nane ukaanza tena.

Mkwe akipiga, vikombe viligongana kabatini na pini zangu zilitembea mezani. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa bahati nasibu. Vumbi likaingia hata kwenye madirisha tuliyoyaziba kwa karatasi za gundi, na mimi nashona mashati meupe. Ikabidi nishone jioni baada ya Mkwe kulala, hadi usiku sana, na asubuhi niamke na macho yaliyojaa mchanga. Bwana Subira akatuletea vizibo vya masikio, vya sponji ya njano, pakiti kwa kila mtu. Nilivipenda mara moja. Mzee alivikataa, akasema masikio yake yamefanya kazi miaka yote bila kufungwa na hayajalalamika.

Sasa, saa moja Mkwe alikuwa ameshapamba moto. Mzee aliliona hilo kabla yangu. Akashuka kuniambia tuhamishe salamu zetu ziwe saa kumi na mbili kamili, kabla ya kelele kuanza. Nikakubali. Siku nne niliamka nikiyumba kama mlevi, nikajibu, nikaanguka tena kitandani. Siku ya tano nikamwambia turudi saa moja. Akaniuliza kama kweli nitamsikia.

"Nasikia vizuri tu, mzee," nikamwambia. "Si ulisema mwenyewe chuma ni chuma?"

Alifurahi, masikini. Alidhani nalisifia bomba lake.

Nilikuwa sisikii kitu. Mwanzoni nilitoa vizibo nikabandika sikio kwenye bomba, nikasikia Mkwe tu. Nikaweka kiganja, bomba lote likatetemeka kwa Mkwe. Siku ya kwanza nikajiambia bila shaka amegonga, saa moja ndiyo hii, nikajibu mara mbili. Mchana nikakutana naye kwenye ngazi mzima kabisa, ananitania kuhusu nywele zangu zilizojaa vumbi. Kesho yake nikafanya hivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa hata vizibo sikuvitoa. Nilipita jikoni kuchemsha maji, nikatazama saa ya ukutani, nikapiga mara mbili kwa mpini wa mkasi, nikasema shikamoo mzee kuliambia bomba, nikaendelea na shughuli zangu. Wiki tatu. Na nisijisingizie ujinga, nilijua ninachofanya. Nilikuwa mvivu, na uvivu wangu ulikuwa bado haujamuumiza mtu, basi nikauona hauna neno.

Jumanne ile nilikuwa na mashati arobaini ya kupeleka shuleni. Saa moja nikapiga mara mbili, nikatoa shikamoo yangu, nikafunga mzigo. Saa mbili nikatoka. Nilishinda huko, maana mwalimu wa stoo alitaka kila shati lipimwe kola mbele yake, na nikarudi jioni miguu imevimba. Suruali ya mzee niliyokuwa nimempunguzia urefu ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Niliishika kabisa, nikatazama ngazi kumi na sita za kwenda juu, nikaitundika tena. Nikasema kesho.

Jumatano hapakuwa na kazi. Karatasi ilikuwa imeletwa chini ya mlango tangu wiki iliyopita: Mkwe anabadilishiwa nyaya. Niliamka nikatoa vizibo nikasikia friji yangu, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikasimama jikoni na mkasi kwa furaha ya kweli, nikingoja kumsikia mzee kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Saa moja ikapita. Dakika tano. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kero. Nikaona leo yeye ndiye kalala, na kesho nitamtania mpaka akome. Nikapiga mimi, mara mbili, kumwamsha.

Kikaja kitu kidogo sana kutoka juu. Hakikuwa kijiko. Kilikuwa kama kucha ikikwaruza chuma.

Sikumbuki zile ngazi. Nakumbuka ufunguo ukigoma kwenye kitasa. Alikuwa amelala ubavu kati ya jiko na bomba, mguu mmoja umegeukia upande usio wake, midomo imepasuka kwa kiu. Kamba ilikuwa imekatika na kijiko kilikuwa chini ya sinki, mbali na mkono wake.

"Umekuja," akasema.

Hospitalini daktari alinivuta kando akaniuliza mzee amelala chini tangu lini, maana nyonga imevunjika na figo zinaonyesha mtu aliyekaa sana bila maji. Nikamwambia nadhani tangu jana asubuhi. Nilimwambia ukweli kwa sababu yeye hakunijua, na kwa sababu dawa hazidanganywi. Akaandika, hakuniuliza zaidi.

Binti alifika kesho yake akiwa hajabadilisha nguo za kazini. Nilimngoja kwenye korido nikiwa nimepanga maneno yangu yote, toka la kwanza hadi la mwisho. Lakini alikuwa ameshapitia kwa baba yake. Akanikumbatia shingoni akalia kwa sauti, watu wakageuka.

"Ameniambia, dada," akasema. "Aligonga, ukamjibu, ukaja. Sijui nikushukuru vipi."

Aligonga, nikamjibu, nikaja. Hakuna neno la uongo hapo, ila kuna siku nzima imetolewa katikati. Nikafikiri mzee ameipoteza siku hiyo, kwamba kwa maumivu na kuzimia Jumanne na Jumatano zimemwia asubuhi moja. Nikayameza maneno niliyoyapanga. Nikampapasa mgongo nikasema, "Baba yako ni baba yangu." Ndiyo, niliyarudia yale yale, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Mambo yakaharibika zaidi kwa kuwa mazuri. Binti alikuwa amekusudia safari hii amchukue baba yake, apende asipende. Sasa akabadili mawazo. Akasema kwake atashinda peke yake wakati yeye yuko darasani, na nani atamsikia? Heri abaki penye bomba. Habari ikaenea ngazi zote, kwamba bomba la chuma limeokoa mtu mbele ya kelele zote za mradi. Bwana Subira akaja na mpiga picha, akataka nisimame kando ya bomba na mkasi mkononi ili nibandikwe kwenye ubao wa matangazo kule penye mabati. Nilikataa hadi nikawa mkali. Wakasema ni unyenyekevu. Mama wa ghorofa ya kwanza, ambaye miaka yote alinilaumu kwa maji yangu ya kufulia, akaanza kuniita mama mwema. Nikamwona afadhali aliponilaumu.

Mzee alirudi baada ya miezi miwili, akapandishwa ngazi kwenye kiti na wanaume wanne, akiwaelekeza njia nzima jinsi ya kuzungusha kona. Sasa alitembea kwa fremu ya chuma, hatua moja kwa dakika. Wiki hiyo hiyo nikaletewa kifurushi kutoka kwa binti. Mkasi mpya wa kukatia vitambaa, mzito, wa kukaa miaka ishirini, na kikaratasi: kwa mikono iliyomsikia baba. Niliurudisha ndani ya kasha nikaketi juu ya kitanda. Nililia kwa hasira, nikijionea hasira mwenyewe, nikajua siwezi kukata hata uzi kwa mkasi ule.

Nikapanda. Alikuwa ameketi jikoni, anafunga kamba mpya kwenye kijiko, fundo juu ya fundo. Nilimsalimia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Sikukaa.

"Mzee, ile Jumanne sikukusikia," nikasema.

"Najua."

Nilidhani hakunielewa. Nikamwambia yote: vizibo, saa ya ukutani, wiki tatu za kujibu nisichokisikia. Alivuta fundo akalijaribu kwa kidole.

"Hizo wiki tatu sikuwa na habari nazo," akasema. "Ile Jumanne ninayo yote. Nilianguka kabla ya saa kumi na mbili. Nikajiambia usipoteze nguvu, ngoja saa moja, saa moja anakuwa pale. Saa moja nikagonga mfululizo, ukajibu. Nikaacha, kama tulivyokubaliana."

Nikamwomba asiendelee. Akaendelea, kwa sauti ile ile ya kumweleza mteja bomba lake limevujia wapi.

"Nikawa nahesabu mapigo ya Mkwe. Saa saba akanyamaza. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Nilimsikia mama wa ghorofa ya kwanza anaosha vyombo, nilisikia maji yake humu ndani ya bomba. Ningegonga mara moja tu, angesikia. Lakini wewe ulikuwa umeshajibu. Nikasema ameenda kutafuta watu wa kunibeba, fundi mwenzangu hapendi kuharakishwa. Mkwe alipoanza tena ndipo nikajua huji. Hapo nikagonga kwa nguvu zangu zote, hadi kamba ikakatika. Jioni sauti ya kuita ilikuwa imeshakauka, nikabaki na kucha."

Nilishika ukingo wa sinki. Miezi miwili nilikuwa nimejishtaki kwa kutomsikia, nikidhani nimefika mwisho wa kosa langu. Kumbe kutosikia ndiko kulikokuwa kosa dogo. Ningekaa kimya tu asubuhi ile, ningesahau, ningelala, angeendelea kugonga hadi saa saba, na saa saba angesikiwa. Nilichomfanyia ni kumnyamazisha.

"Kwa nini hukumwambia mwanao?" nikamuuliza.

"Angenichukua."

"Basi nitamwambia mimi. Nitampigia leo hii."

Hapo akainua kichwa. Sijawahi kumwona ananitazama vile, si kwa chuki, ila kama mtu anayepima.

"Ukimwambia utapumua wewe," akasema, "na mimi nitahama. Kaa nalo."

Nimekaa nalo. Binti hupiga simu kila Jumapili, husema bila wewe dada sijui ingekuwaje, na mimi husema asante mdogo wangu. Mkasi uko kwenye kasha lake chini ya kitanda. Mkwe ameondoka siku nyingi, nguzo zimesimama, treni zinapita sawa na dirisha langu na abiria wananitazama nikishona. Hazina kelele hata kidogo. Bwana Subira alisema tutazizoea, na kwa hilo moja alisema kweli. Vizibo vyangu nilivitupa, na asubuhi nasikia kila kitu.

Mzee bado hugonga saa moja, kwa kijiko kile kile. Ila siku hizi hagongi mara tatu, na mimi sijibu, maana aliniambia nisijibu tena. Akianza, naacha mkasi, napanda ngazi kumi na sita, nafungua mlango kwa ufunguo wangu. Naingia hadi jikoni. Anagonga mpaka auone uso wangu, ndipo anaacha.